Muuaji wa Kukodiwa na Mikono Inayomtangulia

Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa Bujumbura mbele ya wakazi wa mitaa na vilima vya mpakani, baada ya kuonyeshwa filamu The Day of the Jackal



Nawashukuru kwa uvumilivu wenu. Filamu mliyoiona ni ya mwaka 1973, inachukua zaidi ya saa mbili, na sehemu kubwa ya muda huo watu wanaongea kwa simu na kupekua makaratasi. Nilimsikia kijana mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba John Wick angekuwa amekwisha kuua watu kumi kabla ya chai kupoa. Ni kweli. Nami nimezitazama filamu hizo za Keanu Reeves, tena si mara moja, wala sikuja hapa kuwakataza kuzitazama. Polisi anayesimama mbele ya vijana na kuwaambia kwamba sinema ndiyo iliyoleta uhalifu duniani anajidanganya mwenyewe. Kaini, au Kabili kama wamwitavyo ndugu zetu Waislamu, hakupata kuingia katika kibanda cha video.

Nililolijia ni jambo jingine. Katika filamu nyingi za namna hii, ziwe zimesimuliwa upya kwa Kiswahili na Lufufu wa Tanzania au DJ Afro wa Kenya, muuaji wa kukodiwa ni mtu mpweke. Hana ndugu, hana jirani, hadaiwi kodi ya nyumba. Bunduki huipata kabatini, gari hulikuta nje ya mlango, na habari za anayemwinda humfikia ndani ya bahasha ambayo hatuonyeshwi aliyeiandika. Akimaliza kazi yake anaondoka, na walioanguka hawana mama wa kuwalilia. Ndivyo sinema inavyotufundisha kumtazama yeye tu, uso wake, suti yake, utulivu wa mkono wake. Nimeichagua filamu ya leo kwa kuwa inafanya kinyume chake: inatuonyesha kazi yote inayotangulia risasi. Tena muuaji wake anavuka mipaka, nasi tuliomo humu ndani, wa Gatumba, wa Rumonge, wa Nyanza-Lac, na hata wa Buyenzi wenye shangazi Uvira na wajomba Kigoma, ni watu wa mpakani.

Kwa faida ya waliochelewa, nieleze kwa ufupi. Mwanzo wa filamu ni tukio la kweli. Tarehe 22 Agosti 1962, mahali paitwapo Petit-Clamart nje kidogo ya Paris, watu wa jeshi la siri la OAS, waliokasirishwa na uhuru wa Algeria, waliimiminia risasi zaidi ya mia moja gari la Rais Charles de Gaulle. Rais na mkewe wakatoka salama. Aliyeongoza shambulio lile, Luteni Kanali Jean Bastien-Thiry, alihukumiwa na kupigwa risasi tarehe 11 Machi 1963. Frederick Forsyth, aliyepata kuwa mwandishi wa habari wa Reuters huko Paris katika miaka ile, alilichukua tukio hilo na kuliongezea hadithi ya kubuni. Riwaya yake ikatoka mwaka 1971, na Fred Zinnemann akaifanyia filamu. Katika hadithi hiyo wakuu wa OAS wanatambua kwamba kila mwanachama wao anajulikana na polisi. Basi wanamkodi mgeni, Mwingereza asiye na faili popote, kwa dola nusu milioni, nusu yake ilipwe kwanza. Jina lake la kazi ni Bweha.

Sasa hesabuni pamoja nami mikono inayopita katika kazi hiyo kabla Bweha hajalenga.

Wapo walioamua, waliokaa chumbani wakakubaliana bei. Wapo waliovunja mabenki ili fedha zipatikane. Yupo mghushi wa hati. Yupo fundi wa bunduki, mzee mwenye adabu nyingi. Nadhani huyo ndiye mtu wa kutisha kuliko wote katika filamu nzima. Mnakumbuka maswali yake? Haulizi atakayekufa ni nani. Anauliza kama huyo bwana atakuwa amesimama au anatembea, na kama risasi itaelekezwa kichwani au kifuani. Anamwita "bwana", kwa heshima kabisa, kama fundi cherehani anayepima koti. Kisha anaitengeneza bunduki nyembamba inayoweza kufichwa ndani ya gongo la kilema, anapokea ujira wake, anarudi kwake. Yupo pia mwanamke aliyempoteza mchumba wake katika vita vya Algeria; kazi yake ni kulala na ofisa mmoja wa serikali, kumsikiliza, na kupiga simu. Hakushika silaha hata siku moja. Lakini bila simu zake Bweha angekamatwa katikati ya filamu, nasi tungewahi kwenda kulala.

Na hati je? Hapo ndipo nilipoona baadhi yenu mkitazamana. Bweha anakwenda makaburini, anatafuta kaburi la mtoto aliyefariki akiwa mdogo, ambaye kama angeishi angekuwa na umri kama wake. Anaomba cheti cha kuzaliwa cha mtoto yule, na kwa cheti kile anapewa pasipoti halali, yenye mhuri halali, yenye jina la marehemu. Njia hiyo haikuwa ndoto ya mwandishi. Kwa miaka mingi iliwezekana kweli huko Uingereza. Baadaye anaiba na pasipoti ya mwalimu wa Denmark uwanjani kwenye ndege, ili akibanwa awe mtu mwingine. Ofisa wa mpakani anaitazama picha, anautazama uso, vinafanana, anampitisha. Mimi ningempitisha pia. Nasema hivyo wazi kwa sababu watu wengi hudhani mpaka unalindwa na yule mwenye mhuri. Mwenye mhuri huona karatasi na uso kwa muda wa nusu dakika.

Tumwache Bweha kidogo. Sisi tunapozika hukumbuka kila kitu. Hukumbuka jeneza, hukumbuka hema na viti, hukumbuka kinywaji cha kuwashukuru waliofika kutufariji. Kitambulisho cha marehemu hubaki sandukuni, pengine kwa miaka, mpaka siku moja mpwa anakiazima kwa safari fupi, kisha rafiki wa mpwa, kisha mtu asiyejulikana na yeyote katika ukoo. Mambo ya lesepase ni hayo hayo. Wanaoazimana wengi hawana nia mbaya hata chembe: mama anataka kuwahi soko la Uvira, ya kwake imekwisha muda, jirani anampa yake. Namwelewa mama huyo. Foleni ni ndefu na ada inauma. Hata hivyo namwomba akumbuke kwamba siku jina lake litakapoandikwa katika daftari la mpakani mahali ambapo yeye hakuwapo, atakayeitwa kueleza ni yeye. Kifo kiandikishwe komini, na kitambulisho kirudishwe. Ni kazi ya asubuhi moja.

Nimeitazama filamu hii mara nyingi, na kila mara hurudi akilini mwangu usiku mmoja wa mji huu huu tulimo.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 13 Oktoba 1961. Mji uliitwa Usumbura. Mwanamfalme Louis Rwagasore, mwana wa Mwami Mwambutsa wa Nne, alikuwa na umri wa miaka 29. Tarehe 18 Septemba chama chake cha UPRONA kilikuwa kimepata viti 58 kati ya 64, naye akawa Waziri Mkuu. Hakuwa amemaliza hata mwezi mmoja kazini. Wazee wa Buyenzi waliohadithiwa na baba zao wanajua jinsi alivyopendwa na Waswahili wa mji huu, na jinsi alivyokuwa karibu na Julius Nyerere ng'ambo ya ziwa. Usiku ule alikuwa ameketi barazani kwenye Hoteli Tanganyika, karibu na maji, anakula pamoja na wenzake. Risasi moja ikatoka gizani. Aliyeifyatua ni Jean Kageorgis, Mgiriki, mkazi wa hapa hapa.

Zingatieni tofauti. Bweha wa sinema hajulikani jina wala kwao. Filamu inapokwisha, bado hakuna aliyemjua ni nani. Kageorgis alikuwa mtu wa mji, na siku chache tu baada ya risasi ile alikuwa mikononi mwa vyombo vya sheria. Mkono ulioshika bunduki ulikuwa mmoja. Kesi ilipofunguliwa mikono ikaongezeka. Wakatajwa Joseph Biroli na Jean-Baptiste Ntidendereza, wana wa chifu Baranyanka na viongozi wa chama cha PDC kilichoshindwa uchaguzi. Wakatajwa Antoine Nahimana, Henri Ntakiyica, na Mgiriki mwingine, Michel Iatrou. Kageorgis aliuawa kwa hukumu ya mahakama tarehe 30 Juni 1962, siku moja tu kabla ya bendera ya uhuru kupandishwa. Hao wengine watano kesi yao ilisikilizwa upya baada ya uhuru, chini ya mahakama mpya, jambo ambalo wanasheria wamelijadili sana, nao wakanyongwa hadharani Gitega mwezi Januari 1963. Ama mjadala kuhusu maofisa wa utawala wa Kibelgiji, nani alijua, nani alisema neno lililowapa wengine ujasiri, huo haujafungwa hadi leo.

Leo Burundi haina tena adhabu ya kifo. Iliondolewa katika kanuni ya adhabu ya mwaka 2009. Sitaki tukae sana katika habari za kunyongwa. Ninalotaka mlione ni urefu wa mnyororo wenyewe. Kwa risasi moja iliyochukua muda wa kupepesa jicho, walihitajika watu waliokutana, waliozungumza, waliotafuta silaha, waliojua Waziri Mkuu angekula wapi jioni ile. Katika mji mdogo kama Usumbura ya wakati ule, mimi siamini kwamba walioshitakiwa ndio peke yao waliokuwa wamehisi kitu. Lazima yupo aliyesikia sentensi nusu kupitia dirishani. Lazima yupo aliyeliona gari mahali ambapo si pake. Huyo hakuandikwa katika faili lolote, na hakufanya kosa lolote kisheria. Alinyamaza tu, akaenda kulala, na asubuhi akaamka katika nchi nyingine. Kila ninapopanda Vugizo, nikasimama kaburini pa Rwagasore na mji wote uko chini yangu hadi ziwani, humfikiria mtu huyo asiye na jina kuliko ninavyomfikiria Kageorgis.

Natamani watengenezaji filamu wa nchi hii, wanafunzi wa Léonce Ngabo aliyetupatia Gito l'ingrat mwaka 1992, siku moja wautazame usiku ule kwa macho yao. Nao wakifanya hivyo, wasianze na bunduki. Waanze na huyo wa dirishani.

Sasa nitawaeleza jambo lililotokea si zamani sana, si mbali na hapa. Majina nitayaacha, na mahali nitapaacha vilevile.

Kijana mmoja anayebeba abiria na mizigo kwa baiskeli katika barabara ya kwenda mpakani alifikiwa na mtu asiyemfahamu. Mtu huyo alikuwa na maneno mazuri, amevaa vizuri, Kiswahili chake kilikuwa safi. Alimnunulia soda. Kisha akamwuliza habari za mfanyabiashara mmoja wa eneo lile: anafunga duka saa ngapi, anarudi nyumbani kwa njia ipi, anatembea peke yake au na mtu. Alisema anataka kumfanyia mshangao wa kibiashara, maneno ambayo hata kijana mwenyewe hakuyaelewa. Akamwahidi faranga elfu thelathini kama angemletea majibu kesho yake jioni, na akamwachia elfu tano kama kianzio.

Hakumpa bunduki, hakumpa mfuko wa kubeba, wala hakumwomba amshike mtu mkono. Alimwomba saa na njia, mambo ambayo kila mtoto wa mtaa ule anayajua bure. Kijana aliniambia baadaye kwamba usiku kucha hakulala, na kilichomkosesha usingizi zaidi ni udogo wa jambo lenyewe. Kama angeombwa kubeba silaha angekimbia. Kuombwa saa ya kufunga duka, akashindwa kujua akimbilie wapi. Na elfu thelathini, jamani, si fedha ya kudharau kwa mtu aliyekanyaga pedali tangu alfajiri.

Alimwambia mama yake. Mama hakumgombeza, alijifunga kitenge, akamwambia mwanawe, "Twende," wakaja wote wawili. Zile elfu tano walikuja nazo, zimefungwa ndani ya leso. Tulimwendea mfanyabiashara kwa utulivu, bila ving'ora. Tukamwomba abadili saa zake na njia yake kwa muda, naye akafanya hivyo. Yule mgeni hakuonekana tena mahali walipoagana.

Huo ndio mwisho wa hadithi, na najua hauridhishi. Hakuna aliyekamatwa. Sina silaha ya kuwaonyesha. Hata leo siwezi kuapa mbele yenu kwamba mtu yule alikuwa na nia ya kuua. Labda alikuwa mdai aliyetaka kumvizia mdeni wake, labda mpelelezi wa mambo ya ndoa. Kijana mwenyewe aliniuliza siku ile, mama yake ameketi pembeni: "Afande, na kama nimemsingizia mtu?"

Nilimjibu kwamba hakumsingizia mtu yeyote, kwa kuwa hakutuletea mtu, alituletea jambo. Alisema: nimeulizwa hivi, mahali fulani, saa fulani, na fedha hizi hapa. Hakusema fulani ni muuaji. Tofauti hiyo naomba ikae vichwani mwenu kuliko kitu kingine nitakachokisema leo, kwa sababu katika nchi hii tumekwisha kuona uvumi ukifanya kazi ya bunduki. Watu wamekufa kwa kuwa jirani alisema "nadhani ni mmoja wao". Atakayekuja ofisini kwetu na jina la mtu, na sababu yake ikawa kabila lake, au chama chake, au mpaka wa shamba wanaougombania tangu enzi za babu, huyo hajatusaidia kumzuia muuaji. Huyo anatafuta muuaji wa bure, na anataka tuwe sisi.

Hata filamu inalionya hilo, ingawa kwa haraka. Polisi wa nchi mbili wanakesha wakiliwinda jina la Charles Calthrop, kwa sababu lilionekana kulingana na mambo fulani. Mwishoni Calthrop wa kweli anarudi nyumbani kwake salama salimini, anawakuta polisi wamejaa sebuleni, hajui kuna nini. Watazamaji walicheka hapo, nami hucheka. Lakini angerudi siku tatu mapema, wakati wenye bunduki wamepandwa na hasira, sijui kama tungecheka.

Kuna na lile tukio la mwanzo ambalo nilisikia ukumbi mzima ukinyamaza: karani wa OAS anayetekwa, anafungwa kitini, anateswa mpaka anafariki. Nilishauriwa tulikate kipande hicho kwa kuwa mwenyeji wenu leo ni polisi. Nikakataa. Mateso ni kosa la jinai katika sheria za Burundi, liwe limetendwa na raia au na mwenye sare kama yangu, na sheria haikatazi jambo ambalo halijapata kutokea. Sitawatukana akili zenu kwa kujifanya hamjui. Ninachowaomba ni mwone walichokipata watesaji wale: neno moja, "Bweha". Jina la mnyama. Kazi ya kweli iliyobaki ilifanywa na Komishna Lebel, mtu mfupi, mchovu, mwenye adabu, anayekunywa kahawa na kuwapigia simu wenzake wa nchi nyingine. Aliomba kadi za wageni wa hoteli zikusanywe kila siku. Aliuliza makarani, wapokea wageni, watu wa forodha. Karani wa hoteli ndogo mlimani, ambaye hakujua lolote kuhusu OAS, aliandika jina katika kadi kama ilivyompasa, na kadi ile ikawapa polisi njia. Walichelewa kwa saa chache tu, kwa kuwa kadi ilikaa mahali ikisubiri kuchukuliwa.

Mwaniona ninakoelekea. Daftari la kaya, linaloandikwa majina ya wanaolala nyumbani na ya wageni wao, nalijua kuwa wengi wenu hamlipendi. Lina usumbufu wake, na yapo malalamiko juu ya jinsi linavyokaguliwa. Malalamiko hayo yana haki ya kusikilizwa, na leo nimekuja na kalamu. Hata hivyo mwenye nyumba wa kupangisha anayeandika jina la mpangaji kwa kuangalia kitambulisho chenyewe, badala ya kuandika "Papa Kevin" kwa sababu ndivyo mtaa unavyomwita, amefanya kazi kubwa kuliko anavyodhani.

Mama mmoja mzee wa Gatumba, nyumba yake imekwisha kuingiliwa na maji ya Rusizi zaidi ya mara moja na bado anakaa hapo hapo, aliniuliza swali ambalo nadhani wengi wenu mnalo moyoni. "Mwanangu," alisema, "nikikuambia nilichokiona, wewe jioni unapanda gari unarudi mjini. Mimi nabaki na jirani yangu. Nani atanilinda?"

Sikumpa ahadi nisiyoweza kuitimiza. Nilimwambia, mama, siwezi kuweka askari mlangoni kwako. Ninachoweza ni hiki: jina lako halitatajwa na mimi mbele ya mtu anayetajwa na habari zako. Hutaitwa ofisini mchana kweupe mtaa mzima ukitazama. Unaweza kuja siku ya soko na kikapu chako, kama mtu anayepita tu. Kama huniamini mimi, mwambie mushingantahe unayemwamini, au padri, au shehe, naye alifikishe jambo bila jina lako. Tena ukiona jambo lako limevuja kutoka kwetu, una haki ya kumlalamikia aliyelivujisha kwa mkubwa wake, nami nitakupeleka. Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nitafikiri." Nililiheshimu jibu lile. Mtu aliyeishi hapa kwa miaka aliyoishi yeye ana sababu zake za kufikiri kwanza.

Mkumbuke pia mwisho wa Bweha. Askari kijana kwenye kizuizi anamwona mzee mwenye mguu mmoja, kifua kimejaa nishani za vita, anajikokota na gongo. Anaangalia hati zake, ziko sawa. Anamwonea huruma, anamfungulia njia. Mzee anasema anaishi katika jengo lile pale. Lebel anapofika na kuuliza kama kuna aliyepita, askari anajibu hakuna, isipokuwa huyo mzee. Neno "isipokuwa" ndilo lililomwokoa de Gaulle wa hadithi. Lebel alikimbia kwa sababu ya neno hilo, akamwahi Bweha wakati anatia risasi ya pili. Askari yule alikufa mlangoni, akiwa kazini. Nimewafundisha askari wapya kwa miaka kadhaa sasa, na kila mara huwaambia wamsikilize raia mpaka afike kwenye "isipokuwa" yake, kwa kuwa watu wetu wana adabu, huanza kwa kusema hawakuona kitu.

Wiki iliyopita nilimwona yule kijana wa baiskeli. Alikuwa amebeba mikungu miwili ya ndizi nyuma, jasho linamtiririka. Alisimama, akaweka mguu chini, akaniuliza kwa sauti ya chini kama yule mtu amepatikana. Nikamwambia bado. Akaniuliza kama yule mfanyabiashara hajambo. Nikamwambia hajambo, nimemwona asubuhi akifungua duka. Akatikisa kichwa, akaendelea na safari yake kuelekea Gatumba.

Sasa nayapokea maswali yenu. Tuanze na akina mama, maana naona vijana wamekwisha kuinua mikono yote miwili.